Sura ya Mungu Mitaani: Utakatifu wa Uhai wa Binadamu katika Imani ya Kikristo na katika Lugha ya Eastlands

Utangulizi

Abiria anayeshuka katika Barabara ya Jogoo, Nairobi, na kuulizia njia ya kwenda Mbotela au Ofafa Jericho, hutaja bila ya kukusudia majina ya watu wawili waliouawa. Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, aliuawa mjini Nairobi mwezi wa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, aliuawa mwaka uliofuata. Mbotela alikuwa wa ukoo wa Frere Town, Mombasa, makao ya watumwa waliokombolewa. Wapenzi wa Kiswahili wanaujua ukoo huo kwa sababu nyingine: James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934), ni wa huko huko. Hivyo jina lililotoka katika utumwa likaingia katika fasihi, na kutoka katika fasihi likaishia kuwa jina la mtaa wa wafanyakazi wa jiji.

Makala haya yanachunguza fundisho la Kikristo kwamba uhai wa binadamu ni mtakatifu, na jinsi fundisho hilo linavyokutana na maisha na lugha ya mitaa ya mashariki mwa Nairobi: Pumwani, Shauri Moyo, Bahati, Makadara, Dandora, Kayole, Huruma, Korogocho na Mukuru. Mitaa hii imechaguliwa kwa sababu makanisa yamesongamana humo kuliko karibu mahali pengine popote nchini, na pia kwa sababu vifo vya ghafula vimesongamana humo vilevile. Fundisho linalosemwa kwa urahisi darasani hupimwa hapo kila wiki.

Kipimo hicho hakikuanza jana. Katika miaka ya hali ya hatari, Wakristo wa vuguvugu la uamsho, waliojulikana sana miongoni mwa Wakikuyu, walikataa kula kiapo cha Mau Mau; lakini wengi wao walikataa pia kushika bunduki za serikali. Hoja yao ilikuwa moja kwa pande zote mbili, kwamba damu ya Kristo ilikwisha kumwagwa na hapakuwa na haja ya kuongeza nyingine. Kwa msimamo huo walichukiwa huku na huku. Serikali kwa upande wake iliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000 katika kipindi hicho, na tarehe 24 Aprili 1954 ilianzisha msako mkubwa ulioizingira mitaa ya Eastlands na kuwapeleka kizuizini watu zaidi ya 20,000 kwa kosa, mara nyingi, la kuwa wa kabila fulani. Mtu anayedhani kuwa suala la thamani ya uhai liliingia Eastlands pamoja na bastola za miaka ya karibuni hana budi kurudi huko.

Uhai, maisha, nafsi na sura

Kiswahili kina maneno mawili mahali ambapo lugha nyingine hutumia moja. Uhai ni hali ya kuwa hai. Maisha ni mwenendo wa kuishi, pamoja na riziki, kodi ya nyumba, karo na maji ya kununua kwa mtungi. Mkazi wa Kayole husema kila siku kwamba maisha ni magumu. Hakuna anayesema kwamba uhai ni mgumu. Maisha hupanda na kushuka, huboreka na kuharibika, huweza hata kulinganishwa: ya Muthaiga na ya Korogocho si sawa. Uhai haulinganishwi. Upo au haupo.

Tofauti hii si ya sarufi peke yake. Watu wanaposema kuwa kijana fulani "hana maisha", yaani hana kazi, hana kwao, hana mbele wala nyuma, huwa ni hatua fupi tu kufikia dhana kwamba hata uhai wake hauna uzito. Mafundisho ya Kikristo yanasimama hapo hasa, kati ya neno moja na jingine, na kukataza hatua hiyo. Ubaya wa maisha ya mtu haupunguzi chochote katika uhai wake.

Msingi wa katazo hilo unapatikana katika kitabu cha Mwanzo. Sura ya kwanza inasimulia kwamba Mungu alimwumba mtu, mwanamume na mwanamke, kwa sura yake mwenyewe. Sura ya pili inaeleza kwamba alimfinyanga kwa mavumbi na kumpulizia pumzi, naye akawa kiumbe hai. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 ilitumia hapo neno nafsi, na uteuzi huo ni wa bahati njema kwa Mswahili: nafsi ilitoka katika Kiarabu, na neno la Kiebrania lililotumika katika Mwanzo, nefesh, ni ndugu yake wa damu. Msomaji wa Kiswahili basi yu karibu na lugha ya asili kuliko anavyofahamu.

Neno sura nalo lina jambo. Katika mazungumzo ya kawaida sura ni uso: mtu ana sura nzuri, au sura yake si ngeni. Mwanateolojia atasema, na ni kweli, kwamba sura ya Mungu si pua na macho. Ni akili, hiari, uwezo wa kupenda, na wajibu wa kuutunza ulimwengu kwa niaba ya Muumba. Lakini muumini aliyeketi kwenye ubao katika kanisa la mabati la Mukuru husikia "uso", na hakosei sana. Husikia kwamba uso wa jirani yake una mwenyewe mwingine juu yake. Nabii yeyote angeridhika na uelewa huo.

Kivumishi -takatifu kimetokana na kitenzi takata, kuwa safi. Dhana ya Kiebrania inayofasiriwa kwa neno hilo ilihusu zaidi kitu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu, kisichoguswa ovyo. Tafsiri imeleta usafi mbele na kuuacha utengo nyuma, na matokeo yake yanaonekana. Kwa Mswahili, kilicho kitakatifu ni lazima kiwe safi. Kwa hiyo kusema kwamba uhai wa mlevi, wa kahaba au wa mnyang'anyi ni mtakatifu huonekana kama kujipinga. Kumbe fundisho halisemi kwamba mtu huyo ni safi. Linasema kwamba ametengwa, yaani ana Mwenyewe, na kwamba mkono wa mwingine hauna ruhusa. Walimu wengi wa katekisimu wangepunguziwa kazi kama jambo hili lingeelezwa mapema. Na mzaha wa lugha haukosekani: huko Dandora, lilipo jaa kubwa la jiji, takatifu na takataka husikika kama watoto wa mama mmoja, na watoto wanaopekua jaa hilo huitwa chokoraa, jina linalotokana na kitendo cha kuchokora taka. Jina la kazi likageuka kuwa jina la mtu.

Kaini na siku arubaini

Amri inayokataza kuua ni fupi kuliko zote. Waprotestanti huiita ya sita na Wakatoliki huiita ya tano, kwa kuwa hesabu zao za amri kumi hutofautiana. Watoto wa Buruburu wanaosoma shule moja na kusali makanisa mawili hubishana sana juu ya namba hiyo. Juu ya maudhui hawabishani. Ugumu huanza pale linapoulizwa swali la pili: je, na mtu mbaya?

Katika Eastlands swali hili si la kinadharia. Mara nyingi huanza kwa ukelele wa neno moja, "Mwizi!" Neno hilo likishatoka hakuna tena jina, wala umri, wala mama. Kuna mawe, tairi na mafuta ya taa. Baadhi ya wanaorusha mawe huwa wametoka ibadani. Wakiulizwa hutaja methali, kwamba siku za mwizi ni arubaini. Inafaa kusimama kidogo juu ya methali hiyo, kwa sababu wanafunzi wa Kiswahili ndio walinzi wake. Maana yake ni kwamba uovu hauwezi kufichika milele. Siku ya kugunduliwa itafika. Haisemi lolote kuhusu kuua. Ilikuwa onyo kwa mwizi, ikageuzwa kuwa hukumu juu yake.

Upande mwingine wa jambo hilo ni risasi ya askari. Mwezi wa Februari 2009 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alifika Kenya kuchunguza mauaji yasiyofuata sheria, akahitimisha kwamba polisi walikuwa wakiua mara kwa mara bila ya kuadhibiwa. Wiki chache baadaye, tarehe 5 Machi, watetezi wawili wa haki waliokuwa wakikusanya taarifa za mauaji hayo, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, walipigwa risasi wakafa ndani ya gari karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwishoni mwa Machi 2017 ilisambaa video iliyoonyesha kijana akipigwa risasi mchana kweupe huko Eastleigh, akiwa tayari amelala chini, na watu wakitazama. Katika miaka hiyo hiyo zilizuka kurasa za Facebook zilizotumia jina la Hessy pamoja na jina la mtaa, wa Kayole au wa Dandora. Zilitangaza picha za vijana pamoja na onyo kwamba siku zao zinahesabiwa. Baada ya muda picha za pili zilionekana, za maiti. Chini yake wasomaji wengi walipongeza. Wapo waliomshukuru Mungu.

Shukrani hiyo ndiyo inayopaswa kumshughulisha mtafiti wa imani. Si haki kuwadharau walioitoa. Mama mboga aliyeporwa mtaji wake mara tatu na bastola, mwanafunzi aliyeuawa kwa sababu ya simu, mwenye matatu anayelipa ushuru kwa genge kila jioni: hao nao wana uhai, na uhai wao ni mtakatifu vilevile. Hofu yao ni ya kweli. Anayewahubiria juu ya haki za mshukiwa bila ya kuanza na machozi yao hatasikilizwa, wala hastahili kusikilizwa. Lakini wao walichopongeza si ulinzi. Ukristo wa kimapokeo unakubali kwamba mtu anaweza kujitetea, na kwamba askari anaweza kutumia nguvu kumzuia anayetaka kuua. Kijana aliyelala chini hamzuii mtu chochote.

Hapa kisa cha Kaini, katika Mwanzo sura ya nne, kina nguvu kuliko amri yenyewe. Kaini si mshukiwa. Ameua, na aliyeuawa ni ndugu yake. Hakimu ni Mungu, na ushahidi ni damu inayolia kutoka ardhini. Kama kuna mtu katika Maandiko ambaye kifo chake kisingehitaji maelezo, ni huyo. Adhabu yake ni nzito: anafukuzwa, anakuwa mtangatanga, ardhi haimpi tena mazao. Lakini anapolalamika kwamba yeyote atakayemkuta atamwua, Mungu anamtia alama ili asiuawe, na anaahidi kisasi mara saba juu ya atakayemgusa. Alama ya Kaini katika mazungumzo ya watu imekuwa alama ya aibu. Katika maandishi ni alama ya ulinzi. Aya chache mbele anatokea Lameki, mzao wa Kaini, akijigamba mbele ya wake zake kwamba amemwua kijana kwa sababu ya jeraha tu, na kujiahidia kisasi mara sabini na saba. Msimulizi ameziweka hesabu hizo mbili karibu makusudi: hesabu ya Mungu inalinda, hesabu ya Lameki inaua. Kurasa za Facebook zilizotajwa zinafuata hesabu ya pili.

Wapinzani wa hoja hii hutaja Mwanzo 9, ambapo Nuhu anaambiwa kwamba amwagaye damu ya mtu, damu yake itamwagwa na mtu. Aya hiyo imetumiwa kwa karne nyingi kutetea adhabu ya kifo, na si aya ya kupuuzwa. Hata hivyo sababu inayotolewa ndani yake ni ile ile ya mwanzo, kwamba mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Sababu hiyo haimtaji mtu mwema. Tena katika Mathayo 5 Yesu anaurudisha mzizi wa kuua nyuma kabisa, hadi kwenye hasira na kwenye tusi la kumwita ndugu mpumbavu. Kwa Kiswahili cha leo mtu angeongeza mkora, chokoraa, takataka. Na kundi la watu lenye mawe mikononi, pamoja na mtuhumiwa katikati, limo katika Injili ya Yohana sura ya nane. Jinsi lilivyotawanyika inajulikana.

Afrika yenyewe ina shahidi wa zamani katika suala hili. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, mnamo mwaka 411 au 412 alimwandikia afisa wa dola ya Kirumi, Marcellinus, kuhusu watu wa madhehebu pinzani waliokiri kumwua mmoja wa mapadre wake na kumkata viungo mwingine. Aliomba wasiuawe wala wasikatwe viungo. Wafungwe, wapewe kazi ya manufaa. Agostino hakuwa mpole wa kupita kiasi. Ndiye aliyeacha mafundisho juu ya vita vya haki, na aliunga mkono matumizi ya nguvu za dola dhidi ya wapinzani hao hao. Ndiyo maana barua yake ina uzito: imeandikwa na mtu aliyejua dola ni ya kazi gani, na wafu walikuwa wake.

Sheria ya Kenya imetembea polepole kuelekea huko. Watu wa mwisho kunyongwa kwa amri ya mahakama nchini walinyongwa mwaka 1987. Mwezi wa Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za zaidi ya wafungwa 4,000 kutoka kifo hadi kifungo cha maisha. Rais Uhuru Kenyatta alifanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747 mwaka 2016. Mnamo Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo isiyomwachia hakimu hiari inapingana na Katiba, ingawa adhabu yenyewe haikufutwa. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha katekisimu ya Kanisa Katoliki na kutamka kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Tokeo lake ni la ajabu: kwa miongo kadhaa hakuna Mkenya aliyenyongwa baada ya kusikilizwa na mahakama, lakini katika Mathare na Dandora vijana wameuawa bila ya kusikilizwa na mtu yeyote.

Kijusi na kijana

Mwezi wa Mei 2004 vijusi 15 vilipatikana vimetupwa Nairobi, kando ya barabara ya kwenda Mombasa. Daktari mmoja na wauguzi wawili walishtakiwa kwa mauaji, wakaachiliwa na mahakama mwaka 2005. Tukio hilo lilizusha mjadala ambao haukuisha hadi kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, ambapo viongozi wa Kanisa Katoliki na wa makanisa mengi ya Kiprotestanti waliipinga rasimu ya Katiba, pamoja na sababu nyingine, kwa ajili ya kifungu cha 26. Rasimu ilipita. Kifungu hicho kinasema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Kisha kinakataza kutoa mimba isipokuwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya mwenye ujuzi, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, ubishi huu una upande ambao wanasiasa hawakuugusa. Maneno kijana na kijusi yana umbo moja la ki-. Kijana hata hivyo hufuata upatanisho wa viumbe hai: kijana ameuawa. Kijusi hufuata upatanisho wa vitu: kijusi kimetupwa. Kiumbe hukaa katikati, mara huyu, mara hiki. Na kitendo chenyewe huitwa kutoa mimba, ambapo kinachotolewa ni hali ya mama, si mtoto. Mama mjamzito, kwa upande wake, husema "mtoto anacheza" tangu siku anapomsikia tumboni. Hakuna anayesema "kijusi kinacheza". Ni makosa kudhani kwamba sarufi inaweza kuamua jambo hili. Ngeli haikutungwa na wanatheolojia. Inachoonyesha ni kwamba wazungumzaji wana milango miwili, na huchagua wa kupitia kwa kutegemea kama mtoto amekaribishwa au la.

Makanisa yalishika msimamo wa tangu karne za kwanza, kwamba aliye tumboni ni mtu mbele ya Mungu. Zaburi ya 139 na masimulizi ya Luka juu ya Yohana aliyeruka tumboni mwa Elisabeti ndiyo yaliyohubiriwa zaidi. Ni msimamo wenye mantiki. Dosari iliyoonekana katika mwaka ule wa 2010 ilikuwa ya sauti. Kampeni juu ya kijusi ilifika kila mimbari. Taarifa ya Alston, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, haikupata mimbari nyingi. Waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili juu ya Injili ya Uhai, wa mwaka 1995, ulikuwa umeyaweka pamoja mauaji ya kila namna, utoaji mimba, utesaji, utumwa na mazingira ya kazi yanayodhalilisha. Mtu hakuruhusiwa kuchagua kipande. Kijana wa Kayole aliwahi kuwa kijusi, na hoja iliyomlinda wakati huo haikwisha muda wake alipozaliwa.

Ni haki kuongeza kwamba wapo waliobeba fundisho zima bila ya kelele. Alex Zanotelli, padre wa shirika la Wakomboni, aliishi kibandani Korogocho kwa zaidi ya miaka kumi hadi mwaka 2001, kando ya jaa la Dandora, akiwazika waliokufa kwa Ukimwi wakati ambapo hata jamaa zao waliogopa kuwagusa.

Ukuta wa darini

Katika Kumbukumbu la Torati 22 imo sheria moja ndogo isiyohubiriwa sana. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukuta mfupi kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke na mwenye nyumba akawa na hatia ya damu. Hakuna aliyekusudia kuua. Hakuna silaha. Hata hivyo kuacha kujenga ukuta kunaitwa damu.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa kadhaa liliporomoka Huruma wakati wa mvua, likaua watu zaidi ya 50. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Wapangaji waliendelea kulipa kodi. Kipimo cha Torati kingewatafuta wengi hapo, kuanzia mwenye jengo hadi aliyepita na brashi ya rangi, akatia alama, akaenda zake. Jaa la Dandora, lililoanza katika miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na takataka zikaendelea kumwagwa humo. Uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliotolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa eneo hilo, ukakuta kwamba takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa. Kiswahili kinalitumia neno risasi kwa madini na kwa kile kinachotoka katika bunduki. Katika Dandora maana zote mbili zimewafikia watoto wa nyumba moja.

Hospitali ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, imewapokea duniani watoto wengi wa Nairobi kuliko jengo lingine lolote. Mwezi wa Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba wanawake waliozuiliwa humo miaka ya nyuma baada ya kujifungua, kwa kukosa pesa za kulipia huduma, walivunjiwa haki zao. Wakati wa hukumu hiyo malipo ya kujifungua katika hospitali za umma yalikuwa yamekwisha kuondolewa, tangu Juni 2013. Makanisa yanayotetea uhai tangu kutungwa mimba yana sababu ya kuikumbuka kesi hiyo, maana mwanamke anayeogopa kushikwa rehani pamoja na mtoto wake hujifungulia chumbani, gizani, na huko ndiko vifo viliko.

Suala la mazishi

Limebaki jambo moja ambalo huwafikia mapadre na wachungaji wa Eastlands kwa simu, mara nyingi usiku. Kijana amepigwa risasi. Taarifa ya polisi inasema alikuwa jambazi na kwamba bastola ilipatikana. Mama yake ni mwanachama wa jumuiya ndogo ndogo, au wa chama cha akina mama, na anataka mwanawe azikwe na kanisa. Majirani wengine wamekwisha kusema hawatahudhuria. Wengine wanasema kwamba kanisa likimzika litakuwa limeubariki wizi.

Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kifungu cha 1184, inawanyima mazishi ya Kanisa watenda dhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungewakwaza waumini, isipokuwa kama walitoa dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa. Majirani wanaopinga huwa wanakaribia kuitaja sheria hiyo bila ya kuijua. Lakini inazungumzia dhambi iliyo wazi. Kijana huyo hakufikishwa mahakamani. Kilicho wazi juu yake ni kifo chake tu. Na ni nani aliyekuwa naye katika dakika ile ya mwisho, akiwa amelala chini, aseme kama alitubu au hakutubu? Waliokuwapo ni aliyemwua na waliotazama.

Ibada yenyewe haina nafasi ya mashtaka. Mwili hunyunyiziwa maji kwa ukumbusho wa ubatizo, hufukiziwa ubani, na marehemu hutajwa kwa jina la ubatizo, si kwa lile alilopewa mtaani wala lile lililoandikwa chini ya picha yake. Mwili wa diwani na wa chokoraa hufanyiwa hivyo hivyo. Baadhi ya mapadre humzika kijana parokiani mchana, kengele ikilia. Wengine huenda nyumbani kwao asubuhi na mapema, husali kwa kifupi, na kuiacha familia isafiri na maiti kwenda mashambani. Kifungu hicho cha sheria kina aya ya pili: penye shaka, aulizwe askofu wa mahali, na uamuzi wake ufuatwe.